Mtoa Taarifa Namba Kumi na Nne

"Hivi jirani, mumeo ameuacha muziki, au muziki ndio umemwacha?"

Aliyeuliza alikuwa mke wa fundi viatu, kidevu chake kimeegemea ukuta unaogawa nyua mbili, asubuhi ya kufua. Bi Kaseti hakuinua uso. Alilikamua shati la mumewe, akalikung'uta, akalianika kambani.

"Na wako, shoga, ameviacha viatu au viatu vimemwacha? Maana jana nimemwona anakwenda dukani pekupeku."

Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, na kicheko cha mke wa fundi viatu ndicho kilichotangulia kuisha. Hakuuliza tena. Lakini mtaa mzima uliendelea kujiuliza, kwa sababu watu wazima wa pale walimkumbuka Mzee Solo akiwa jukwaani na gitaa lake. Wimbo wake mmoja wa harusi ulichezwa miaka kumi mfululizo, na hata leo ukipigwa, wamama wanene huacha sahani zao wakasimama.

Alipofika miaka arobaini, mama yake alifariki. Wanawake walikaa chumba cha ndani wakileta uradi, yaani majina ya Mungu yanayorudiwa kwa sauti moja, taratibu, mpaka moyo utulie. Mzee Solo alikuwa barazani na wafiwa wenzake. Akausikia wimbo wake wa harusi ukitoka mle chumbani. Maneno hayakuwa yake, lakini sauti ilikuwa ileile, kupanda kwake na kushuka kwake. Ndipo alipojua kwamba aliisikia akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akaisahau, kisha akaitoa ukubwani akidhani ameitunga.

"Nimewaibia bibi zangu," alimwambia mkewe. "Nimewaibia na nikapigiwa makofi."

Basi akalitundika gitaa, akaanza kuzitafuta nyiradi, nyumba kwa nyumba, miaka ishirini na sita. Vyumba vya wanawake mwanamume asiye wa nyumba haingii. Kwa hiyo yeye alikaa barazani na daftari, na mkewe aliingia ndani na redio kaseti ya betri. Ndipo mke akaitwa Bi Kaseti. Kila mwanamke aliyerekodiwa, Mzee aliandika jina lake, la baba yake, la babu yake, na jina la aliyemfundisha. Hakuruka hata mmoja. "Nimeiba mara moja," alizoea kusema, "ya pili sitaki."

Kisha masikio yake yakaziba. Daktari wa hospitali alisema ni mishipa, na mishipa haina dawa. Honi ya lori ilimfikia kama mbu. Alichoweza ni kusoma midomo ya mkewe, na ya mkewe tu. Watu wengine wote, alisema, wanatafuna.

*

Kitabu kiliwafikia mwezi wa tatu, kimeletwa na dereva kwenye bahasha ya kaki. Dereva hakushuka hata garini.

Mwenye kitabu wao walimwita Daktari, kwa sababu alikuwa daktari wa masomo kwenye taasisi ya utamaduni. Miaka minne nyuma alikuja akiwa mwanafunzi mwembamba, viatu vimekwisha kisigino. Alikula kwao, aliwaita Baba na Mama, na homa ilipomshika Bi Kaseti alimkanda kwa maji. Aliazima makasha mawili ya kaseti ili azihamishie kwenye kompyuta kabla hazijaingia ukungu, pamoja na daftari la majina. Daftari alilirudisha. Kaseti hazikurudi. Bahati nzuri Mzee Solo, mtu wa hadhari, alikuwa na nakala ya kila moja kabatini.

Binti yao, fundi cherehani, aliacha kushona akakisoma kitabu kwa sauti. Jalada gumu, maandishi ya dhahabu, jina la Daktari peke yake. Nyuma ilikuwapo picha yake ameketi barazani, miguu amekunja nne, mkono begani mwa kiti.

"Mama, hii si baraza yetu?"

"Ni baraza yetu. Na kiti ni cha baba yako."

Mzee Solo alikuwa akifunua kurasa kwa kidole kimoja, pole pole. "Majina yako wapi?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyosema viziwi.

Yalikuwa mwisho kabisa, ukurasa wenye herufi ndogo kama sisimizi, chini ya kichwa cha Watoa Taarifa. Namba tisa: mwanamke, mkunga, mzee. Namba kumi na nne: mwanamume, miaka sabini hivi, mwanamuziki mstaafu. Namba kumi na tano: mwanamke, mke wa namba kumi na nne.

Binti alisoma mpaka hapo, akamtazama mama yake.

"Endelea," mama yake alisema.

"Ndio wewe, mama. Mke wa namba kumi na nne."

Mzee alikipitisha kidole juu ya zile namba, moja baada ya nyingine, sitini na moja zote. "Atakuwa amesahau," alisema. "Ana mambo mengi yule kijana. Mwendee umkumbushe. Mimi hata nisipowekwa, lakini wale kinamama wawekwe." Akasimama akaenda kutawadha.

Bi Kaseti alibaki akikiangalia kile kiti kwenye picha. Shavu lilimcheza.

Ndani ya bahasha mlikuwa na flashi yenye sauti. Binti aliichomeka kwenye redio ndogo ya kazini kwake. Zikatoka sauti nyembamba, za haraka, zinazofukuzana.

"Hawa ni watoto?" binti aliuliza.

Bi Kaseti alikaza sikio. Mara akashika kifua. "Watoto gani! Huyo ni mkunga wa kilimani. Yule mwenye pumu. Msikilize anavyovuta pumzi."

Kweli, kila baada ya majina mawili mkunga alivuta pumzi. Siku ile chumbani pumzi yake ilikuwa ndefu, ya mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hapa alihema kama kuku aliyekoswakoswa na gari.

"Wamemfanyaje?"

"Betri," Bi Kaseti alisema. "Huko tulikokwenda betri hazikupatikana. Tulikuwa tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Betri ikichoka, kaseti inazunguka pole wakati wa kurekodi. Ukija kuipiga nyumbani kwenye umeme, inakwenda mbio, na sauti inapanda juu."

"Sasa baba alikuwa anajuaje mwendo wenyewe?"

Bi Kaseti alifungua droo akatoa kichuma chenye meno mawili, kama uma mdogo. Akakigonga gotini. Kikalia ting, sauti moja safi, isiyotetereka. "Kabla mtu hajaanza, nilikigonga hiki mbele ya redio. Sauti yake haibadiliki, iwe jua iwe mvua. Nyumbani baba yako alikuwa akisikiliza ile ting ya kwenye kaseti, akipunguza mwendo wa mashine mpaka ilingane na hii ya mkononi. Zikilingana, basi na uradi umekaa mahali pake. Hapa ting iko wapi? Rudisha mwanzo."

Binti alirudisha mwanzo. Uradi ulianza moja kwa moja. Ting haikuwapo.

"Wameikata," Bi Kaseti alisema. "Wameona uchafu."

Binti alifunua kitabu, akatafuta, akaanza kucheka kabla hajasoma. "Sikia hii, sura ya saba. 'Tofauti na dhana iliyozoeleka, wanawake wa kale walileta uradi kwa mwendo wa kasi na sauti nyembamba ya kisichana, dalili ya furaha isiyozuilika.'"

Walicheka mpaka wakashikana. Bi Kaseti alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Furaha isiyozuilika! Na mkunga maskini alikuwa akiomba Mungu amwache amalize bila kuishiwa pumzi. Kisha akaacha kucheka, na binti alipoutazama uso wa mama yake naye akaacha.

*

Alikwenda taasisi siku ya tatu yake, na mambo mawili kichwani. La kwanza lilikuwa majina. La pili lilikuwa mwendo, kwa sababu alimcha Mungu, na majina ya Mungu yalikuwa yanakimbizwa kama mbuzi.

"Una miadi?" karani alimuuliza bila kuacha kuandika.

"Sina miadi, mwanangu. Mwambie ni mama yake wa kule alikokuwa anakula."

Karani alimtazama kuanzia kilemba cha kanga mpaka kandambili. "Kaa pale."

Pale palikuwa benchi lisilo na mgongo. Alikaa kuanzia saa tatu. Mlango wa Daktari ulifunguliwa na kufungwa mara nyingi. Waliingia waliokuja baada yake, wakatoka. Adhuhuri ilipofika aliuliza pa kusalia, akaonyeshwa nyuma ya ngazi, penye mafagio na ndoo. Alisali hapo, akarudi bencheni, akakuta mtu ameweka mkoba. Akausogeza, akaketi pembeni.

Saa nane Daktari alitoka na wageni wawili wenye tai. Alikuwa amenenepa. Viatu vilimeta.

"Mama! Mbona hukupiga simu?"

"Nimepiga mara sita."

"Ah, mitandao hii." Akawageukia wageni. "Huyu ni mmoja wa watoa taarifa wangu wa zamani. Hazina kabisa."

"Nimekuja kwa ajili ya majina," Bi Kaseti alisema. "Baba yako anauliza yamekwenda wapi majina ya wale kinamama. Na lake."

Daktari alicheka, cheko la mtu anayembembeleza mtoto asilie mbele za watu. "Mama, namba ni utaratibu. Ni kwa ajili ya kuwalinda."

"Kuwalinda na nani? Wengi wameshakufa."

Mgeni mmoja alikohoa kwenye ngumi. Daktari alimsogelea Bi Kaseti, akashusha sauti, lakini si sana. "Mama, nikuulize kwa heshima. Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi. Haya mambo ya kitaaluma niachie mimi. Mimi ni mwanao, siwezi kuwatupa." Akatia mkono mfukoni, akamkamatisha noti iliyokunjwa. "Nauli hiyo. Kuna jingine?"

Aliuliza akiangalia saa yake ya mkononi. Jambo la pili lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Bi Kaseti, limekaa tayari. Angelitamka kwa pumzi moja: kaseti zako zinakwenda mbio, mwanangu, umekata ting. Alimwangalia yule mtu aliyemkanda homa. Akaiangalia saa yake.

"Hakuna," alisema.

Akipita kwa karani aliiweka ile noti juu ya meza. "Mpe namba kumi na sita, akija."

Akatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

*

"Kasemaje?" Mzee Solo aliuliza.

"Kasema utaratibu."

Huo ulikuwa ukweli, na mzee akautafakari. Tangu masikio yake yazibe, mkewe ndiye aliyemchukulia kila neno la dunia na kumletea kwa midomo yake bila kulipunguza, hata matusi ya wadai, hata umbea uliomhusu mwenyewe. Kwa hiyo hakuuliza zaidi. Na mkewe hakuongeza.

Miezi ikaenda. Kitabu kilisifiwa redioni. Kikagawiwa bure madrasa, nakala elfu mbili, na flashi zake. Mwezi wa tano, Bi Kaseti akiwa anapepeta mchele uani, alisikia watoto wa fundi viatu ng'ambo ya ukuta wakileta uradi. Walikuwa wakishindana nani atamaliza kwanza. Majina ya Mola yalikuwa yakirushwa kama mpira.

"Mwasikia wanavyojua!" mke wa fundi viatu aliita. "Mwalimu wao anasema hivyo ndivyo walivyofanya bibi zetu!"

"Mashallah," Bi Kaseti alijibu, akaendelea kupepeta.

Binti alitoka mbio na sindano mdomoni, akaitoa. "Mama, umesikia hilo? Mwambie baba. Mwambie yule mtu. Haya si mambo ya kitabu tena."

"Nyamaza, baba yako anakuona."

"Wewe uliyenikataza kuruka hata herufi moja nikisoma! Unangoja nini?"

"Nangoja apande juu kabisa." Bi Kaseti aliweka ungo chini. "Mtu aliye chini ukimsukuma ataanguka wapi? Atajipangusa tu. Mimi nataka asimame mbele ya watu wote wenye tai. Nataka aulizwe mbele yao amefika darasa la ngapi."

"Na hawa watoto?"

"Watarekebishwa."

"Na Mungu?"

Bi Kaseti aliuinua tena ungo. Tangu ile siku ya benchi aliongeza rakaa mbili kila alfajiri. Alijua vizuri anachofanya. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Alipoinua mikono aliomba hivi: Mola wangu, nisamehe, lakini usinisamehe bado. Kisha alikaa kwenye mkeka na kumwona Daktari akianguka, mara kwa njia hii, mara kwa njia ile, na utamu wake ulimkalisha hapo mpaka jua lilipochomoza.

Mwezi wa tisa ukaja mwaliko. Uzinduzi rasmi, ukumbi wa taasisi, Mkurugenzi atakuwapo. Bi Kaseti aliusoma mara mbili. Akafungua kabati, akatoa nakala ya kaseti ya mkunga, ile ambayo Mzee aliisawazisha kwa mkono wake mwenyewe. Akanunua betri nne mpya, za bei, zisizoanikwa juani. Vyote akavitia kikapuni na redio, akafunika kwa kitambaa cha mezani.

"Kikapu cha nini?" Mzee Solo aliuliza.

"Maji yako na dawa zako," alimwambia, na hilo pia lilikuwa kweli, maana alizitia juu.

*

Mlangoni msichana aliwapa vibandiko vya kifuani. Cha Mzee Solo kiliandikwa Mtoa Taarifa. Cha Bi Kaseti hakikuwapo. Msichana alitafuta kwenye orodha akakuta "na mwenzi wake", akaomba radhi. Viti vya mbele vilikuwa na riboni. Wao walipelekwa safu ya tatu kutoka nyuma, ubavuni mwa spika nyeusi iliyomzidi mzee urefu.

"Kwa bahati hatasikia kelele," yule aliyewaketisha alimnong'oneza mwenzake. Bi Kaseti alisikia.

Zilisomwa hotuba. Daktari alisimama katika suti ya kijivu, akawashukuru watu wengi kwa majina na vyeo vyao, na "wazee wetu wa vijijini" kwa jumla. Alieleza sura ya saba, ile ya kasi na furaha, na watu wakapiga makofi. Kisha wakapanda wanafunzi ishirini, kanzu nyeupe na mitandio ya kijani, wakaanza uradi wa mkunga kama ulivyo kitabuni. Walikuwa wamefanya mazoezi; walikwenda mbio pamoja, bila kupishana.

Bi Kaseti alitia mkono kikapuni. Alikuwa amepanga kungoja maswali. Hayakufika.

Mzee Solo alikuwa ameweka kiganja juu ya spika. Hakusikia sauti, lakini mtikisiko uliingia mkononi, na huo mkono uliwahi kushika mapigo ya watu mia tatu wakicheza. Vidole vya mkono wa pili vilihesabu juu ya goti. Vikahesabu tena. Akamgeukia mkewe, akasema kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya kunong'ona, na ukumbi mzima ukaipata:

"Hawa wanakimbizwa na nani?"

Kicheko kilipasuka safu za nyuma. Wanafunzi waliyumba, wakashikilia, wakaacha. Daktari aliwahi kipaza sauti. "Mzee wetu masikio yamechoka, ndugu zangu. Tumvumilie." Wakacheka zaidi, cheko la huruma sasa.

"Masikio yamechoka," Bi Kaseti alisema, akasimama. "Mkono haujachoka."

"Mama, muda wa maswali bado."

"Sina swali. Nina uradi."

Alitembea na kikapu chake mpaka mbele, polepole, kama anakwenda kuchota maji. Mtu mmoja aliinuka kumzuia. Mkurugenzi, mwanamke wa makamo aliyefundisha muziki kabla ya kupewa ofisi, alimwashiria amwache.

Bi Kaseti aliweka redio mezani, juu ya rundo la vitabu. Akaieleza betri kwa maneno yaleyale aliyomweleza binti yake, bila kupamba. Akakigonga kichuma gotini, akakiinua. Ting. Akabonyeza kaseti. Ting. Ilikuwa sauti moja, kama mtu na kivuli chake. Kisha mkunga wa kilimani akaanza.

Alikwenda taratibu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezalisha wengine maisha yake yote. Alitaja jina, akataja jina, akavuta pumzi ndefu, na wanawake wenzake wakamngoja kwenye ile pumzi kama watu wanavyomngoja mgonjwa njiani. Mwanafunzi mmoja jukwaani aliinamisha kichwa.

Mkurugenzi alinyoosha mkono, Bi Kaseti akazima.

"Daktari," Mkurugenzi alisema, "katika rekodi zako hiyo sauti ya kupimia iko wapi?"

"Ilikuwa... vijana wa studio walisafisha."

"Walisafisha kwa amri ya nani?"

Daktari aliangalia karatasi zake. "Tulidhani ni kelele."

"Uliwahi kuingia kwenye chumba hata kimoja walichorekodia?"

"Ni vyumba vya wanawake."

"Basi aliingia nani?"

"Namba kumi na tano," Bi Kaseti alijibu. "Darasa la saba."

Safari hii waliocheka walikuwa wa mbele, wenye tai, na hawakumcheka yeye. Daktari alijaribu kutabasamu nao, midomo ikakataa. Jasho lilimtoka juu ya kola. Bi Kaseti alilitazama lile jasho mpaka lilipofika shingoni. Aliwahi kupendwa na mume mwema, aliwahi kushika mtoto wake wa kwanza. Lakini utamu uliompanda kifuani saa ile hakuwahi kuuonja, na hakuona haya.

Mkurugenzi alisema vitabu vilivyobaki visitoke. Vitachapwa vingine, mwendo usawazishwe, majina ya kinamama wote sitini yarudi. "Na jina la Mzee liwe juu ya jalada," alisema. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mzee Solo aliona mikono yote ile ikigongana, akageuka nyuma kuangalia nani ameingia.

*

Watu walipoanza kuelekea kwenye soda na biskuti, Daktari aliifikia safu ya tatu kutoka nyuma. Binti alikuwa amemsaidia baba yake kushika fimbo. Bi Kaseti alikuwa anafunika kikapu.

"Mama. Ulilijua hili siku ile ulipokuja ofisini."

"Nililijua."

"Nilikuuliza kama kuna jingine."

"Uliniuliza ukiangalia saa."

"Sawa. Nimekosa. Nilikudharau, na leo nimelipwa, nakubali." Akajifuta jasho la shingoni. "Lakini miezi sita, mama. Madrasa zote zile, watoto wote wale, wamekaririshwa hivyo. Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe ulikuwa unajua. Uliwaacha wavurugiwe uradi ili mimi niaibike?"

Mzee Solo alikuwa akiwatazama wote wawili, kichwa kimeinama upande, kama alivyozoea.

"Anasema nini?" aliuliza. "Anaomba radhi?"

Binti alimshika mama yake mkono, akaubana. Macho yake yalisema: mwambie ndiyo, mama, yaishe. Na ingeisha. Mtu mwingine wa kumwambia hakuwapo. Kwake wote walikuwa wanatafuna. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anakuja na mkono umeshanyooka, amchukue mzee akapigwe picha.

Bi Kaseti alivuta pumzi. Akageuza uso wake uingie kwenye mwanga wa dirisha, midomo yake ionekane vizuri.

"Anasema nilijua," alimwambia. "Anasema niliwaacha watoto wakaharibiwa uradi, ili nimwaibishe yeye. Anasema kweli."

Mzee Solo aliitazama midomo yake hata ilipokwisha kutembea, kana kwamba lipo neno limebaki.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Uliwasikia hao watoto kwa masikio yako?"

"Niliwasikia."

Mkurugenzi alikuwa amefika. Mzee Solo hakuuona mkono wake, au aliuona. Aliipita ile safu ya viti, akampita Daktari, akampita msichana wa mlangoni aliyemsogezea kiti. Mkewe alimwita jina lake la ujanani, jina la ndani ambalo hata binti hakulijua, akasahau kwamba hasikii. Mzee aliusukuma mlango kwa bega, akashuka ngazi, fimbo kwanza kisha mguu.